Daftari la Mapigo

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea mbele, fanya jambo moja. Geuza mkono wako wa kushoto, kiganja kitazame juu. Chukua vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, uviweke juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usikandamize sana. Ngoja kidogo. Utasikia kitu kinadunda. Hayo ni mapigo ya moyo wako. Usiyahesabu kwa kidole gumba, maana nacho kina mdundo wake, kitakudanganya.

Sasa tazama saa, uhesabu kwa dakika moja nzima. Mtu mzima aliyepumzika hupata kati ya mapigo 60 na 100. Je, yamekuja moja baada ya jingine kwa nafasi zilizo sawa? Kama ndivyo, vizuri. Mimi kwa muda mrefu hayakuja hivyo, na habari hiyo ndiyo ninayotaka kukueleza.

Mimi ni mvuvi na mkulima wa korosho. Kwetu ni Msimbati, Mkoa wa Mtwara, si mbali na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni kama hili lako. Marehemu mama yangu alinitangulia. Yeye alikuwa katika kikundi cha kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, akajifunza mambo ya choo na maji ya kuchemsha. Mambo ya moyo hayakuwamo.

Ugonjwa wangu ulianza mwaka 2021, wakati wa kusi. Tulikuwa tunavuta nyavu. Ghafla moyo ukaanza kupigapiga kifuani kama samaki aliyenaswa ndani ya dema. Haukuwa mbio ile inayomjia mtu aliyekimbia. Mbio ile ina mpango. Hii haikuwa na mpango wowote. Mapigo matatu ya haraka, kimya, pigo moja zito, kisha mengine manne yanayofukuzana. Nikaketi chini ndani ya chombo. Wenzangu walidhani nimeshikwa na njaa.

Hali ile ilikuja na kuondoka kwa mwaka mzima na zaidi. Katika zahanati moja nilipimwa malaria mara tatu, na mara moja nikapewa dawa za malaria ambayo sikuwa nayo. Siwalaumu sana, kwa sababu kila nilipofika pale moyo ulikuwa umekwisha kutulia. Mwishoni mwa mwaka 2022 ulinishika siku mbili bila kuniachia. Nilikuwa nahema hata nikiwa nimekaa. Mwanangu akanipeleka Hospitali ya Mkoa, Ligula, mjini Mtwara. Pale wakanibandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikachora mistari kwenye karatasi. Hicho ni kipimo cha umeme wa moyo. Hakiumi hata kidogo. Mashine haikutii umeme, bali inasoma umeme ulio nao.

Labda unashangaa kusikia kwamba una umeme. Hata mimi nilishangaa. Ndani ya moyo, katika chumba cha juu upande wa kulia, kuna kinundu kidogo sana kinachotoa umeme mdogo. Umeme huo hupita katika nyama ya moyo na kuiambia ijikaze. Ikijikaza, damu inasukumwa. Hilo ni pigo moja. Kwa siku moja moyo hupiga kama mara 100,000. Kinundu hicho kilielezwa mwaka 1907 na Arthur Keith na Martin Flack, huko Uingereza. Flack alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari, naye alikiona kwanza katika moyo wa fuko. Naam, fuko, mnyama wa kuchimba ardhi kama huyu anayetutafunia mihogo. Tangu niliposikia hivyo simchukii sana.

Kinundu kile ni kama kiongozi wa ngoma. Akipiga, wengine wote wanamfuata. Katika ugonjwa wangu, sehemu nyingine za vyumba vya juu zilikuwa zimeanza kupiga ngoma zao zenyewe. Kama umewahi kupita na chombo pale maji ya Ruvuma yanapokutana na maji ya bahari yanayojaa, umeona jinsi mawimbi yanavyogongana, hili linatoka huku na lile kule, na hakuna linalokwenda mbali. Ndivyo vyumba vile vilivyokuwa. Badala ya kujikaza, vilitetemeka, zaidi ya mara 300 kwa dakika.

Hatari yake si mbio peke yake. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama katika chumba cha juu, na damu iliyotuama huweza kuganda. Bonge likitoka pale likapanda hadi kwenye ubongo, mtu anapata kiharusi. Mwenye ugonjwa huu hukabiliwa na hatari ya kiharusi karibu mara 5 kuliko asiye nao. Kwa hiyo daktari alinianzishia dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo warfarini. Naomba ulikumbuke jina hilo. Litarudi.

Zamani wagonjwa wengi wa moyo waliohitaji tiba kubwa walipelekwa India, nao walikuwa wachache waliopata nafasi. Wengine walibaki na vidonge. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam. Mimi nikaandikiwa kwenda huko. Niliuza sehemu yangu ya chombo tulichokuwa tukimiliki watu watatu, nikaongeza fedha za korosho zilizopatikana mnadani. Mwezi wa Juni mwaka 2023 nikapanda basi. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Njia nzima nilikuwa nimejishika kifundo cha mkono, nahesabu.

Tiba yenyewe nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu sehemu kubwa yake nilikuwa nimelala. Daktari hutoboa tundu dogo sehemu ya juu ya paja, karibu na kinena. Katika tundu hilo hupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa, ukapanda mpaka ndani ya moyo. Ncha ya mpira huo inapata joto. Kwa joto hilo daktari anachoma vidoa vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine, mpaka viwe mstari. Mahali palipochomwa pakipona panakuwa kovu, na kovu halipitishi umeme. Wewe mkulima utanielewa nikisema ni kama ile njia tunayoifyeka kuzunguka shamba la korosho ili moto wa jirani usivuke. Moto unaweza kuwaka kule upande wa pili, lakini hauvuki.

Kazi hii ya kutumia mpira badala ya kupasua kifua ilianza kwa binadamu mwaka 1982 huko Marekani. Mwaka 1998, madaktari wa mji wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Michel Haïssaguerre, walionyesha kwamba mara nyingi fujo hii huanzia kwenye midomo ya mishipa inayoleta damu kutoka kwenye mapafu. Ndiyo maana mimi nilichomwa kuzunguka midomo ile.

Nilipoamka moyo ulikuwa unapiga tu, tu, tu. Nililia. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alinieleza mambo mengi na kunipa karatasi iliyopigwa chapa. Mimi nilikuwa nikitazama mlango. Niliitikia “ndiyo, ndiyo,” nikaikunja karatasi, nikafungia vidonge vyangu ndani yake.

Nilifika nyumbani watu wakanijia kunipa pole. Nikawaambia nimepona kabisa. Neno lile “kabisa” lilikuja kunitesa.

Usiku wa tatu, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimejinyoosha kitandani. Moyo ukaruka. Ukanyamaza. Halafu ukapiga pigo moja kubwa kama mtu anayegonga mlango. Nikakaa. Ukaruka tena. Baada ya saa moja hivi ukaanza mbio zile zile za zamani, samaki yule yule ndani ya dema. Nilihesabu nikapata 128, ingawa yalikuwa yamevurugika hata sina hakika kama nilihesabu sawasawa. Ilidumu mpaka karibu na alfajiri.

Sikumwamsha mke wangu. Nilikuwa nafikiria chombo. Nilifikiria korosho za msimu mzima. Nikasema moyoni, fedha zote zile nimezitupa baharini.

Usiku uliofuata ikawa hivyo tena. Hapo mke wangu akaamka mwenyewe, akaniwekea mkono kifuani, akaondoa mkono haraka. Hakusema neno. Asubuhi akamwita mjomba wangu. Kwetu mjomba ana neno. Alikuja, akakaa juu ya mkeka, akaniuliza mambo yote polepole, kisha akasema, “Mpwa wangu, wamekuchoma moyo kwa moto, nao umeudhika. Moyo si chungu. Acha hivyo vidonge vyao, tukutafutie dawa ya kuutuliza.”

Mjomba ananipenda. Alikuwa tayari kuuza mbuzi wake kwa ajili ya dawa hiyo. Nami nilikuwa nimekata tamaa, nikaona kama tiba imeshindwa, vidonge vya nini? Nikaviacha. Vyote, pamoja na warfarini. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikakaa barazani nikiwatazama wenzangu wakiteremka pwani.

Siku ya nne jioni, mke wangu alikuwa akitafuta fedha za kumpa mganga. Alikung'uta sanduku, na ile karatasi iliyofungia vidonge ikaanguka. Yeye anasoma vizuri kuliko mimi. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaja akakaa karibu yangu.

“Baba, hii uliisoma?”

“Sikuisoma.”

“Basi soma mwenyewe. Hapa.”

Nikasoma huku nikifuata kwa kidole. Karatasi ilisema kwamba baada ya tiba, mapigo ya moyo yanaweza kurukaruka au kwenda mbio kwa miezi 2 hadi 3, na kwamba hiyo peke yake si dalili kwamba tiba imeshindwa. Chini yake, kwa herufi kubwa, waliandika mgonjwa asiache dawa ya kuzuia damu kuganda bila kuambiwa na daktari. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu.

Ndugu msomaji, nilikuwa nimelala juu ya jibu langu usiku kucha, na jibu limefungia vidonge.

Kesho yake asubuhi tukapiga simu. Aliyepokea alikuwa muuguzi wa kike. Nilimweleza. Akaniuliza kwanza kama nina homa, kama ninameza chakula bila shida, kama kuna upande wa mwili uliolegea, kama paja limevimba au linatoka damu. Nikasema hapana. Kisha akauliza, “Na dawa ya damu, baba, unaimeza?” Nikanyamaza. “Umeiacha siku ngapi?” Nikasema nne. Hakunigombeza, lakini sauti ilibadilika. Alisema niende Ligula siku hiyo hiyo, nipimwe damu, nianzishiwe tena kwa kipimo.

Ndipo akanieleza kwa nini. Mahali palipochomwa si kovu bado. Panakuwa kama mkono ulioungua kwa uji wa moto. Siku za kwanza panavimba, panawasha, ukigusa kidogo tu panashtuka. Nyama ya moyo iliyovimba hivyo hutoa mapigo ya ziada yenyewe. Kovu gumu linahitaji wiki nyingi. Kwa hiyo madaktari hawahukumu tiba kabla ya miezi ile kupita. Wapo ambao baadaye mapigo yao hutulia kabisa, na wapo wanaohitaji kuchomwa mara ya pili. Lakini wiki zile za mwanzo, wakati majeraha ndani ya moyo bado mabichi, ndizo ambazo damu hupenda kuganda. Na mimi nilizichagua wiki hizo hizo kuacha warfarini. Nilikwenda Ligula kwa pikipiki, na njia nzima nilikuwa nikikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto nione kama bado vinanitii.

Mungu alinistahi. Nilimweleza mjomba mambo yote, karatasi ikiwa mbele yetu. Alinitaka niisome mara mbili. Mwisho akasema, “Kumbe walikwambia.” Tangu siku ile amekuwa akiniuliza kila jioni kama nimemeza.

Muuguzi yule alinipa kazi moja ya nyongeza. Aliniambia nitafute daftari. Kila asubuhi kabla ya kuinuka na kila jioni, nihesabu mapigo kwa dakika nzima, niandike tarehe, hesabu, na mangapi yameruka. Daftari langu ni lile la darasa la kisomo. Kurasa za mbele zina herufi nilizojifunzia, na za nyuma zina moyo wangu.

Daftari lile lilinifundisha mengi kuliko hofu. Kwanza, pigo lililorukwa halijarukwa. Ukitega vidole vizuri utaona kwamba pigo moja limekuja mapema mno, dogo, hata mkononi pengine halifiki. Baada yake moyo unapumzika kidogo ili urudi kwenye mpango, na wakati huo unajaa damu kuliko kawaida. Ndiyo maana pigo linalofuata linagonga kwa nguvu. Ule mgongo wa mlango niliouogopa ulikuwa ni moyo unarudi kazini.

Pili, hesabu yangu ya kupumzika ilipanda. Zamani, siku moyo ulipokuwa mtulivu, nilikuwa napata 66 au 68. Baada ya tiba nikawa napata 80, 82. Nilipouliza niliambiwa kwamba joto lile hugusa pia vineva vinavyoupunguzia moyo mwendo, na kwamba jambo hili huwapata wengi wala halina madhara.

Tatu, mirukoruko haikuja ovyo kama nilivyodhani. Ilizidi usiku niliolala kwa upande wa kushoto, siku niliposhinda juani bila kunywa maji ya kutosha, na siku za usingizi haba. Mwezi wa Oktoba mabibo yalipoiva, jirani mmoja alileta uraka. Nami, ingawa si desturi yangu siku hizi, nilikunywa bakuli mbili kwa furaha ya msimu. Sitakuficha. Ukurasa wa usiku ule umeandikwa “31 kwa dakika moja, nikaacha kuhesabu.” Pombe huwasha ugonjwa huu, hilo madaktari wanalijua siku nyingi. Mimi nililijua kwa bakuli mbili.

Kuhusu chakula, kwa anayetumia warfarini kuna jambo la kwetu hasa. Kisamvu, majani ya kunde na mboga nyingine za kijani zina kitu kinachosaidia damu kuganda. Si kwamba usizile. Ila zile kwa kiasi kile kile kila wiki. Ukila kisamvu kila siku mwezi mzima, kisha ukaacha ghafla, kipimo cha damu kinayumba. Na dawa ya mizizi au majani, hata ile ya mjomba anayekupenda, mwambie daktari kabla hujainywa, kwa sababu nyingine huongeza nguvu ya warfarini mpaka mtu akatoka damu, na nyingine huipunguza.

Usije ukadhani nasema kila mruko ni wa kupuuzwa. Zile dalili alizoniuliza muuguzi mwanzoni hakuziuliza kwa mazungumzo. Mtu aliyetibiwa hivi, akipata homa, maumivu au shida ya kumeza katika wiki za kwanza, hata kama ni wiki ya tatu au ya nne, asikae nyumbani kungoja dawa za malaria. Tundu linaweza kuwa linatokea kati ya moyo na umio la chakula. Ni nadra sana, lakini linaua. Akianguka na kuzimia, akiishiwa pumzi, mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakigoma, hapo hakuna kuhesabu wala kuandika. Ni gari, pikipiki, chochote kilichopo, kwenda hospitali.

Mwezi wa Desemba nilirudi Dar es Salaam. Walinifungia mashine ndogo kifuani iliyorekodi mapigo kwa saa 24. Nilimpa daktari na daftari pia. Alilifungua upande usiofaa, akaona a, e, i, o, u zangu zilizopinda, akacheka, akaligeuza. Alilisoma lote. Ile fujo ya vyumba vya juu haikuonekana katika mashine. Yalionekana mapigo ya ziada machache, na akasema mtu yeyote, hata yeye daktari, akifungwa mashine ile huweza kuonekana nayo. Warfarini niliambiwa niendelee nayo, kwa sababu nina presha na umri umesogea.

Chombo sikukirudisha. Sehemu yangu ameinunua mwingine, nami naenda baharini kama mtu wa kulipwa, siku za maji mafu tu, wakati kazi si nzito. Jambo hilo bado linaniuma, na sitasema kwamba haliniumi.

Leo asubuhi nimehesabu. Dakika nzima, nikiwa bado kitandani, mke wangu ameshika saa. Yalikuwa 76. Mawili yaliwahi. Nimeyaandika.